Kliniki ya Mwanakwerekwe: daktari anayewajua wazee

Bibi alikuwa na kizunguzungu na akianguka-anguka, nikampeleka kliniki moja ya binafsi huku Mwanakwerekwe, Unguja. Daktari alimwamkia shikamoo, akakaa karibu yake, na maswali akamuuliza mwenyewe, si mimi. Hapo tu nikampa nyota.

Akaumwaga mfuko wa dawa mezani: za presha, diklofenaki ya maumivu ya magoti, Piriton ya kumpatia usingizi. Diklofenaki akaikataza, inapandisha presha na kuumiza figo. Piriton nayo nje, wazee huwachanganya akili na kuwalegeza. Akampima presha amelala, akamsimamisha, akapima tena: namba ya juu imeshuka zaidi ya 20. Kumbe kizunguzungu kina sababu, si “uzee tu” kama tulivyoambiwa kwengine. Kisha atembee mita 3, ageuke, arudi akae, saa inahesabu. Ikizidi sekunde 12, hatari ya kuanguka ipo. Bibi akauliza kama anaandikishwa jeshini.

Ila ngazi za mlangoni hazina pa kushika, wazee ndio wateja wao! Na foleni ni ndefu, nendeni mapema. Chukueni dawa zote, hata za mitishamba, maana ataziulizia.