Sampu ya akwariamu kubwa ya matumbawe: ipi ununue ukiwa Dodoma

Sampu ni tangi la pili linalokaa kabatini chini ya akwariamu: maji yanashukia humo, yanasafishwa, pampu inayarudisha juu. Kabla hujauliza bei, chukua futi kamba upime mlango wa kabati. Kabati lenyewe baadaye. Mimi nilibeba sampu ya sentimita 90 kutoka Majengo hadi Nkuhungu nikiishikilia kwenye bajaji kama mtoto mchanga. Sebuleni ikaingia, kabatini ikagoma. Nikang'oa nguzo ya mbele.

Halafu piga hesabu ya umeme kukatika. Tangi la juu likiwa sentimita 150 kwa 60, kila sentimita moja ya kina ni lita 9. Pampu ikizimika maji yakashuka sentimita 3, lita 27 zinakuja chini, bado zile za kwenye mabomba. Sampu isiyo na nafasi hiyo inamwaga sakafuni.

Namba moja kwangu ni kioo, ukatiwe na fundi. Kipimo cha 90 kwa 45 kwa 45, maji yaishie sentimita 30, kinakuachia nafasi ya lita 60. Mwekeshe vyumba vitatu: maji yanapoingia, skima (chombo kinachotoa uchafu kwa povu), pampu. Skima inunue kwanza, umpelekee fundi aione, na juu yake ubaki upenyo wa kuchomoa kikombe cha uchafu. Wengi wanasahau hicho kikombe, kila kukisafisha wanafungua mabomba. Silikoni iwe isiyo na dawa ya kuzuia ukungu. Fundi wa madirisha atakwambia zote sawa tu, usimkubalie.

Namba mbili, kontena gumu la plastiki. Rahisi, halipasuki njiani, ila kuta zinatuna, na kwa kuwa halina vyumba, maji yakipungua skima inayumba. Kiangazi cha hapa, hewa ilivyo kavu, yanapungua kweli. Unaongeza maji baridi, siyo ya chumvi, maana chumvi haipai na mvuke. Na yapite kwanza kwenye mtambo wa kuchuja unaoondoa chumvichumvi. Ule ukoko mweupe wa kwenye birika hutaki uingie humo.

Namba tatu, akriliki ya kuagiza nje. Nzuri kwa macho, ila kabati ulichongeshe baada ya mzigo kufika.

Vichujio vya kuning'iniza pembeni? Kwa tangi la lita 500, hapana.

Ukishanunua, iache silikoni ikauke, ujaze maji barazani, uiache siku mbili huko huko nje uone kama inavuja.