Bwawa la nyumbani: uchimbe au usimike? Mwaka wa pili na la fremu, Goba

Karibuni tena. Leo sipo mezani, nipo uani, na huo muungurumo mnaousikia nyuma yangu si jenereta la jirani. Ni pampu ya bwawa. Nimeiacha makusudi iwake ili muanze kuizoea mapema, maana ukishaweka bwawa nyumbani hiyo ndiyo redio yako ya kila siku.

Tangu ile video ya simtanki mmeniuliza sana: nichimbe, au ninunue lile la kusimamisha? Sasa mimi hili la kusimika ninalo hapa Goba, mwaka wa pili huu, nimelinunua kwa hela yangu. La kuchimba nitawaonyesha la shemeji yangu, Kibada kule Kigamboni. Lile nimekuwa nalo tangu jembe la kwanza, kwa hiyo aibu zake nazijua kama zangu.

Tuanze na hili. Ni la duara, mita 4.57 toka ukingo hadi ukingo, ukuta una urefu wa mita 1.22. Fremu ya chuma, na ndani turubai nene la plastiki. Madukani majina mtakayokutana nayo sana ni Intex na Bestway. Likijaa kama kitabu chake kinavyotaka, linabeba lita 16,800 hivi. Hapo watu wengi wanasikia lita tu, wanawaza maji. Mimi naomba uwaze uzito. Lita 1,000 ni tani moja. Hapa nilipoegemea pana karibu tani 17, yaani Fuso mbili za mchanga zimepaki uani kwangu na ya tatu ndiyo inaingia getini.

Na hilo ndilo lililoniumbua. Nilipolifungua mara ya kwanza nilipiga ufagio, nikatoa mawe, nikatandika mkeka, nikaona uwanja uko sawa. Goba mnaijua, hakuna kiwanja kilicho sawa Goba. Siku ya tatu miguu ya upande wa bondeni imezama ardhini na ukuta umevimba kama tumbo. Maji yenyewe hayadanganyi, yanakaa usawa wake. Ukitazama pale ukingoni unaona upande mmoja yamebakiza kiganja, upande mwingine yanataka kumwagika. Nikafungua mlango wa chini, maji yote yakateremka kwa jirani. Kuomba msamaha kwake kulinichukua muda mrefu kuliko kujaza upya.

Kwa hiyo kabla ya kununua, chukua ubao mrefu ulionyooka na pima maji, ile ya fundi ujenzi, upime uwanja wote kwa kuzunguka. Pakiwa na mwinuko, chimba upande wa juu. Usijaze kifusi upande wa chini, kifusi kitashuka tu ukikiwekea tani 17. Chini ya kila mguu weka kipande cha zege, kile cha kutembelea bustanini kinatosha, ukizamishe kiwe sawa na ardhi. Mimi mara ya pili nilimlipa fundi siku mbili kwa kazi hiyo. Mwaka wa pili sasa, hakuna mguu uliosogea.

Haya, twende Kibada. Picha hizi ni za mwezi wa tano mwaka juzi, na kosa lilianzia hapo hapo kwenye mwezi. Shemeji alipata likizo, akasema tuanze. Masika bado yapo! Walipofika mita moja na nusu, shimo likaanza kulia. Maji yanatoka ubavuni, yanatoka chini, pampu ya kunyonya inafanya kazi usiku na mchana, asubuhi kingo za mchanga zimeporomoka tena. Kigamboni, Mbezi Beach ya chini, Msasani, kote huko maji ya ardhini yako karibu. Ukitaka kuchimba, chimba kiangazi, mwezi wa sita mpaka wa tisa. Kabla ya yote chimba kashimo kadogo ka mita mbili, ukaache usiku mmoja, asubuhi ukachungulie. Hako kashimo kangeokoa hela nyingi pale.

Bwawa lake ni mita 8 kwa 4, kina kinaanza mita 1 kinaishia 1.7. Maji kama lita 43,000. Zege la nondo, plasta ya kuzuia maji, juu yake mozaiki. Ni zuri, sitawaficha, jioni taa zikiwaka unajiona uko hotelini. Lakini kuna jambo fundi hakumwambia mpaka alipoulizwa: bwawa la zege likiwa tupu kwenye ardhi yenye maji mengi, ni mtumbwi. Maji ya ardhini yanalisukuma kutoka chini, na kama hakuna kitu ndani cha kulikandamiza, linaweza kupanda, likapasuka, likang'oa mabomba. Ndiyo maana sakafuni huwekwa valvu inayoruhusu maji ya chini yaingie ndani kabla hayajalinyanyua bwawa. Muulize fundi wako valvu iko wapi. Akikushangaa, tafuta fundi mwingine. Na usije ukalimwaga bwawa lote kwa ajili ya usafi katikati ya masika.

Wale mnaonitazama kutoka Kitengela au Syokimau kule Kenya, kwenu tatizo ni ule udongo mweusi unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka. Bwawa la zege pale bila msingi uliopigiwa hesabu na mhandisi litapata nyufa. Unguja mtagonga jiwe la matumbawe, mtachimba kwa nyundo ya umeme, ila nalo likishachongwa halina habari ya kuporomoka. Mkoa ni mkoa, ardhi ni ardhi. Ndiyo sababu sitawatajia bei ya kuchimba. Atakayekupa bei kwa simu bila kufika kiwanjani amekisia.

Ila nitawaambia kinachosahaulika kwenye karatasi ya bei. Udongo. Shimo la shemeji lilikuwa kama mita za ujazo 70, na udongo ukishachimbuliwa unaumuka. Tipa zilikwenda zaidi ya safari kumi, na pa kuumwaga napo panalipiwa. Kuna chumba cha pampu, sakafu ya kuzunguka, uzio, waya wa umeme kutoka nyumbani, na maboza ya kujazia mara ya kwanza. Na kibali cha ujenzi halmashauri, msijifanye hamjui. Ukijumlisha hivyo ndipo unapata bei ya bwawa.

Turudi kwenye umeme, maana hapa ndipo ndoa nyingi za mabwawa huvunjika. Pampu yangu ni ya wati 100 tu hivi. Nikiiwasha saa nane kwa siku, haifiki uniti moja. Kwa mwezi uniti 24, na kwa bei ya kawaida ya majumbani, ambayo ni karibu shilingi 350 kwa uniti pamoja na makato, ni shilingi 8,500 hivi. Pampu ya shemeji ni ya farasi moja, wati 750. Saa nane hizo hizo ni uniti 6 kwa siku, 180 kwa mwezi, shilingi 63,000. Hapo hajapika, hajawasha friji. Na kama wewe uko kwenye lile kundi la punguzo la chini ya uniti 75 kwa mwezi, hata kapampu kangu haka kanaweza kukutoa humo. Hiyo piga hesabu kabla, siyo LUKU ikikupigia kelele usiku.

Jambo jingine dogo, ila limewaunguza wengi. Ndugu yako wa Houston akikutumia bwawa kwenye kontena, asante sana, lakini soma kibandiko cha pampu. Marekani ni volti 120 na hezi 60, yaani mizunguko 60 ya umeme kwa sekunde. Sisi ni 230 na 50. Transfoma itashusha volti, hezi haibadilishi, na mota itazunguka polepole kuliko ilivyokusudiwa. Mwambie atume bwawa, pampu ununue hapa. Na iwe hapa au kule, waya wa pampu upite kwenye breka ile inayokata umeme ukivuja, ya miliampia 30. Maji na umeme havina mzaha, hapo sina utani.

Maji sasa. Mara ya pili nilijaza kwa kisima cha mtaani, nikasema bomba mgao wake ni wa kubahatisha. Yalikuja meupe kabisa. Nikatia klorini, nikaenda kuoga, narudi nakuta chai ya rangi. Sitanii, kahawia! Ni madini ya chuma yaliyokuwa kwenye maji, yakikutana na klorini yanapata kutu na kutokeza rangi. Yalichukua siku nne kuchujwa, filta nikawa naisuuza asubuhi na jioni. Maji ya kisima yajaribu kwanza kwenye ndoo nyeupe: tia chembe ya klorini, subiri usiku mmoja. Na yakiwa ya chumvi, kama visima vingi vya Dar, fremu ya chuma itaota kutu kwenye maungio. Tazameni hapa, sogeza kamera. Hiyo imeanza mwaka huu, na rangi ya kuzuia kutu nimeshapaka mara mbili.

Dawa yenyewe siyo ngumu mkishazoea. Klorini ibaki kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, kati ya 7.2 na 7.8, unapima kwa vile vijikaratasi vya kubadilika rangi. Ile ya unga ya asilimia 65, gramu 50 zinanipandisha miligramu 2 hivi. Shemeji anahitaji 130 kwa matokeo yale yale. Tia jioni, jua linaila klorini haraka sana. Mimi naiyeyusha kwanza kwenye ndoo, kwa sababu punje zikitua kwenye turubai zinalitia madoa meupe. Maji yawe ndoani kwanza, ndipo unga uufuate, wala si kumimina maji juu ya unga. Na usichanganye aina mbili za klorini kwenye chombo kimoja, zinaweza kulipuka.

Ukisafiri wiki mbili bila kuacha mtu, utakuta bwawa la kijani lenye viluwiluwi vya mbu. Dar tumeshaona dengi mwaka 2014, tukaiona tena 2019, na mbu wake anapenda majumbani. Hapo yote mawili yako sawa, tofauti ni kwamba mimi langu naweza kulimwaga nikalikunja.

Watoto. Nisikilizeni hapa hata kama mengine mliyaruka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria watu 300,000 walikufa maji mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto chini ya miaka mitano. Mtoto mdogo hapigi kelele akizama, kwa hiyo "nitamsikia" siyo mpango. La kusimika lina faida moja ambayo kwangu ni kubwa kuliko bei: ukitoa ngazi, ukuta wa mita 1.22 unamzuia wa miaka mitatu. Mradi usiache ndoo, kiti wala kreti la soda karibu, maana wanajua kupanga. Hata filta msiisogeze ukutani, nayo ni ngazi. La kuchimba liko usawa wa miguu, mtoto anatembea anaingia. Shemeji amejenga uzio wa pande zote nne, na geti linalojifunga lenyewe. Dada yangu, mkewe, alikataa watoto wasogee pale mpaka geti lilipofungwa, na alikuwa sahihi.

Kuogelea kwenyewe? Hili la kwangu ni la kujipoza na kucheza. Kujitosa kichwa ni marufuku, utavunja shingo. Hata la shemeji, mita 8, mtu anayejua kuogelea anapiga mikono mitano kagonga ukuta.

Mnataka hukumu yangu. Kama umepanga, au kiwanja bado kina mgogoro, au huna uhakika wa maji, sahau kuchimba. Kama ni kwako na hela ipo, bado nasema anza na la kusimika mwaka mzima, hata lile dogo la mita 3.66 lenye kina cha sentimita 76, lita 6,500, kama wanao ni wadogo. Andika kwenye kalenda kila siku mnayoingia. Mimi niliandika. Miezi ya Disemba mpaka Machi ilikuwa karibu kila jioni. Mwezi wa saba tuliingia mara mbili, na moja nilikuwa nafuata ndala. Kalenda yako ikijaa mwaka mzima, chimba bila kinyongo. La fremu utalitumia miaka michache jua liliue, la zege litakuwepo wajukuu wakija, na hao ndio watakaolipa ile pampu. Shemeji mwenyewe nilimuuliza wiki iliyopita kama angerudia. Akasema angerudia, ila la nusu yake, na kiangazi.

Karatasi yake ya matumizi ya mwaka mzima nimeomba ruhusa niwaonyeshe, nimeambiwa nisubiri dada aione kwanza.

Saa tisa unusu hii, wanarudi shule. Ngoja nikatoe ngazi stoo.