Samaki wa Raskazone na samaki wa Ngamiani

Hapa Tanga, ukikaa Raskazone, mtaa wa wenye nacho, samaki unampata dukani ndani ya friza: ameparwa, amekatwa vipande, anapimwa kwa kilo. Ukikaa Ngamiani, uswahilini, anakujia na mchuuzi wa baiskeli, tenga nyuma, au unamkuta mezani kwa mama muuza samaki, bei kwa fungu. Wote wawili wanaweza kuwa wametoka mnadani Deep Sea, soko la samaki la Tanga, asubuhi ileile.

Watu hudhani penye friza ndipo penye samaki mzuri. Mimi sikubali. Barafu huzuia kuoza, haimrudishi samaki nyuma. Changu aliyelegea kabla ya kugandishwa atalegea tu akiyeyuka. Na aliyeganda utamkaguaje? Wa kwenye tenga unamfunua shavu uone kama matamvua bado mekundu, unatazama jicho kama limetuna na linang'aa, unambonyeza. Nyama ikirudi, chukua. Likibaki shimo, mwambie, "Kaka, huyu kalala," naye atacheka na kukupunguzia bei. (Usichukue hata hivyo.)

Ngamiani inazidiwa mchana. Tenga lisilo na barafu likifika saa nane juani, liache lipite. Ndiyo maana jioni wengi hununua wa kukaanga. Tena mwenye jokofu hununua leo akala keshokutwa. Asiye nalo hununua kila siku, na mbalamwezi ikikolea dagaa wakaadimika, bei humgusa siku hiyohiyo.

Una nauli ya bajaji? Nenda Deep Sea mwenyewe mapema. Huna, basi mchuuzi wa saa tatu asubuhi namchagua kuliko friza.