Ziara ya makaburi ya maharamia, kisiwa cha Sainte-Marie: uzoefu wangu

Sisi tuliokulia Mombasa, ukitutajia maharamia tunawaza meli zilizotekwa pwani ya Somalia kuanzia 2008 na washtakiwa waliofungwa gereza la Shimo la Tewa. Hakuna mtoto wa kwetu aliyetaka kuvaa kama wao. Ndiyo maana nilitamani kufika Sainte-Marie, kisiwa chembamba mashariki mwa Madagaska, ambako maharamia wa miaka ya 1690 wamegeuka kivutio cha watalii.

Nilipatana na mwongozaji wa hapohapo Ambodifotatra, mji mkubwa wa kisiwa. Njia ya makaburini inakatiza ghuba, na maji yakijaa hupiti kwa miguu. Ulizia saa ya maji kupwa kabla hata ya kuulizia bei. Tope linateleza, kwa hiyo ndala ziache hotelini.

Kaburi linalopigwa picha na kila mtu limechorwa fuvu na mifupa miwili iliyopishana. Mwongozaji akachuchumaa, akatusomea maandishi ya Kifaransa herufi kwa herufi: Joseph Pierre Lechartier, mzaliwa wa Normandie, alifariki 1834. Kufikia mwaka huo enzi ya maharamia wale ilikuwa imekwisha miaka mia moja nyuma, na fuvu lilikuwa alama ya kawaida ya mauti kwenye makaburi ya Wazungu. Nilimheshimu papo hapo, maana angeweza kunyamaza na pesa yake akaipata. Kuna na kaburi jeusi ambalo watu husema ni la William Kidd, nahodha aliyehukumiwa kwa uharamia. Kidd alinyongwa London 1701. Meli yake, Adventure Galley, ndiyo kweli aliitelekeza kisiwani hapa 1698 ikivuja. Mwaka 2015 kipande cha metali cha kilo 50 kilipoibuliwa majini na kutangazwa kuwa fedha ya Kidd, wataalamu wa UNESCO walikipima wakakuta asilimia 95 ni madini ya risasi.

Sehemu iliyonigusa zaidi ni mazungumzo ya baadaye, tukiitazama ghuba. Mfanyabiashara Adam Baldridge alifungua duka lake hapa 1691, akiletewa pombe na baruti kutoka New York na kuwauzia maharamia. Mwongozaji alikaa sana kwenye sheria zao: nahodha alichaguliwa kwa kura na kung'olewa kwa kura, mgao wake haukuwa mkubwa sana kuliko wa baharia wa kawaida, na aliyepoteza mguu vitani alilipwa fidia. Kwa baharia aliyezoea viboko na kudhulumiwa mshahara, hayo yalikuwa makubwa, na naelewa kwa nini watu wanawapenda hadi leo.

Lakini meli ya Ganj-i-Sawai aliitaja kwa sentensi moja tu, na hilo ndilo lalamiko langu. Mwaka 1695 haramia Henry Every aliziotea Bab el-Mandeb, mlango wa Bahari ya Shamu, meli zilizokuwa zikirudi Surat, India, kwa pepo za kusi. Ganj-i-Sawai, mali ya Aurangzeb, mfalme wa Wamughal wa India, ilibeba mahujaji waliotoka Makka. Wanaume waliteswa waonyeshe mali, wanawake wakabakwa. Wale walikuwa watu wa bahari yetu, wakisafiri kwa upepo uleule uliosukuma majahazi ya babu zetu. Ukisimulia kura za nahodha, simulia na hao.

Mwongozaji alijirekebisha vizuri alipofika kwa Ratsimilaho, mtoto wa haramia Mwingereza na mama Mmalagasi, aliyeyaunganisha makabila ya pwani hii kuwa taifa moja la Betsimisaraka mwanzoni mwa karne ya 18. Hapo sauti yake ilibadilika kabisa; alikuwa akisimulia ya kwao.

Nampa nyota nne kati ya tano. Ukienda Julai hadi Septemba, msimu wa nyangumi, panga mapema kwa sababu wageni ni wengi, na mwambie mwongozaji tangu mwanzo kwamba unataka habari za Ganj-i-Sawai kwa kirefu.