Karakana ya ufukweni Kirumba: matengenezo ya bawaba ya mti wa tanga

Kwa mwenye mashua ya tanga ya zamani jijini Mwanza, kumpata fundi anayeielewa bawaba ya chuma inayoushika mti wa chini wa tanga kwenye mlingoti si kazi nyepesi, na ndiyo maana naisifu karakana hii ndogo ya Kirumba. Fundi hakukimbilia kukaza nati. Aliuinua mti, akaushusha, akauzungusha pande zote, kisha akanionyesha kwamba pini imelika katikati na tundu lake limetanuka, hivyo kukaza peke yake kusingesaidia kitu.

Alikereza pini mpya ya chuma kisichoshika kutu, akalitia tundu bushi (kijibomba kifupi cha kuliziba lile tanuko), akaweka washa za plastiki juu na chini ili mti uzunguke bila kuchezacheza. Kwa kuwa mlingoti ni wa alumini, aliweka pia kipande chembamba cha plastiki kati yake na bawaba, jambo ninalolithamini kuliko yote, maana alumini ikigusana na chuma hicho penye unyevu huliwa, hata katika maji baridi ya Ziwa Victoria, ingawa polepole kuliko baharini.

Upungufu upo: hawaweki vipuri, na bei haiandikwi mahali popote, kwa hiyo patana kabla kazi haijaanza. Lakini mashua inapogeuzwa upepo ukitoka nyuma, na mti ukavuka kwa kishindo upande wa pili, bawaba haitikisiki tena.