Vitabu vinne nilivyosoma Kigoma msimu huu wa mvua

Kifurushi changu kilitoka Dar kwa basi kikafika kimelowa. Wakala akasema "pole kaka", yakaishia hapo. Cha Jane Goodall, yule mtafiti Mwingereza wa sokwe, ndicho kilikuwa chini kabisa, kurasa zimegandana. Nikakianika uani kwangu Mwanga kama dagaa wa Kibirizi. Na ndicho nilichokipenda kuliko vyote.

Kinaitwa In the Shadow of Man, cha mwaka 1971, Kiingereza chepesi tu. Boti za Gombe, hifadhi ya sokwe alikofanyia utafiti wake, naziona kila siku, ila sikujua kwamba mwaka 1960, akisubiri kwenda huko, huyu mama na mama yake mzazi walipiga hema kwenye viwanja vya gereza hapa hapa mjini, wakasaidia kuandaa mikate ya nyama ya kopo kwa Wabelgiji waliokuwa wanakimbia Kongo. Halafu yupo sokwe aliyempa jina David Greybeard. Anachomeka unyasi kwenye kichuguu, anatulia, anauvuta umejaa mchwa, anawala kwa midomo. Nilimsomea mama mdogo sehemu hiyo, akaguna: "Sasa hapo mzungu kagundua nini? Sisi tulivua mchwa hivyo hivyo, tukalisha kuku." Nikamwambia kilichowatikisa wasomi ni kwamba sokwe huchuma kijiti akakipukutisha majani kwanza, yaani anatengeneza kifaa. Akanyamaza, kisha akaniomba nirudie kusoma.

Peponi ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis. Nilikuwa na wasiwasi, maana tafsiri nyingi zinanuka lugha zilikotoka. Hii hainuki. Yusuf anachukuliwa na tajiri kwa deni la baba yake, anaingizwa kwenye msafara wa bara mpaka ng'ambo ya ziwa. Ukiwa unaijua hadithi ya Nabii Yusuf, iwe ya Kurani au ya Mwanzo, utaisoma kwa jicho jingine.

Cha Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta mpelelezi Livingstone, How I Found Livingstone (1872), nilikitarajia sana kwa ajili ya Ujiji, hapa jirani, walikokutana. Kimenichosha. Doti za merikani, kaniki, shanga, wapagazi kuchapwa viboko, halafu karibu miezi mitatu kakwama Tabora kwa vita vya mtemi Mirambo. Kurasa za Ujiji zenyewe ni tamu, lakini unazifikia ukiwa hoi. Azima, usinunue.

Maungamo ya Mtakatifu Augustino nilikwenda nayo kurasa tatu tatu kila usiku. Pale anapokumbuka walivyoiba mapeasi wakiwa vijana, wala hawakuwa na njaa, wakaishia kuwatupia nguruwe, nilikumbuka maembe ya jirani nikacheka peke yangu. Zile sura za mwisho kuhusu wakati zimenishinda, nimeziweka kando.

Cha Goodall sinacho tena. Kiko kwa mama mdogo, na juzi nimekiona jikoni kina alama za vidole vya mawese kuanzia jalada mpaka sura ya tatu.