Multimita ndogo iliyoniepusha kuchimba bustani nzima

Multimita hii, yaani mita ya kupimia umeme, niliinunua kwa hasira. Nilikuwa nimeshabadilisha koili (sumaku ya umeme inayofungua vali ya maji) ya eneo la tatu la vinyunyizio vyangu, nikiamini imeungua, na maji yakagoma vilevile. Maeneo mengine matano yalimwagilia kama kawaida. Nilipoilegeza koili robo mzunguko kwa mkono, maji yaliruka. Vali ilikuwa nzima basi. Ugonjwa ulikuwa kwenye umeme.

Nilianzia kwenye taima, ile saa inayowasha na kuzima vinyunyizio. Mifumo hii hutumia volti 24 za AC (umeme unaogeuka mwelekeo), kwa hiyo ukiisahau mita kwenye DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri) utasoma sifuri na kuilaumu taima bure (mimi niliilaumu kama dakika kumi). Nilipata 27, na hiyo si kasoro: transfoma isiyobeba mzigo hupanda kidogo. Nikazima umeme, nikachomoa waya wa eneo la tatu, nikapima omu (kipimo cha ukinzani wa umeme) kati yake na waya wa pamoja, ule unaotumiwa na vali zote. Koili nzuri husoma kati ya 20 na 60 hivi. Ukipata karibu na sifuri, kuna shoti. Mita ikiandika OL, yaani omu zimepita kipimo chake, waya au koili imekatika. Mimi nilipata 310. Si shoti, si kukatika!

Kule kwenye kisanduku cha vali, koili peke yake ilisoma 28. Ile ya zamani niliyoitupa kwenye droo nayo ikasoma 27, yaani nilikuwa nimebadilisha kitu kizima. Nikaomba taima iwashwe. Nyaya zikiwa hazijaunganishwa na koili, volti 26. Nikaunganisha, zikaporomoka hadi 6. Hapa ndipo mita ya kidijitali huwapoteza wengi. Yenyewe huvuta umeme kiduchu mno, kwa hiyo hata kiungo kilichooza huonyesha volti zote, mpaka koili idai umeme wake wa kweli. Tangu siku hiyo sipimi volti bila koili kuwa imeunganishwa.

Waya wa pamoja sikuushuku, maana vali jirani kwenye kisanduku hichohicho ziliutumia bila shida. Nikaufuata waya wa eneo la tatu hadi kisanduku cha katikati. Huko fundi aliyetangulia alikuwa amesokota nyaya na kuzifunga kwa utepe wa umeme, basi. Maji yalikuwa yameingia na shaba imegeuka unga wa kijani. Nikakata pale, nikamenya upya, nikaunga kwa vifuniko vyenye grisi visivyoingiza maji. Omu zikashuka hadi 29 na nyasi zikapata maji.

Sasa lawama. Nyaya za mita ni fupi na nyembamba, nami upande wa umeme wa nyumba unaoingia kwenye transfoma sijathubutu kuugusa nayo. Mlio wa kupima kama waya umekatika huchelewa, ukipima harakaharaka utadhani waya mzima umekufa. Kioo hakina taa, nami kisanduku cha vali nilikisoma nikiwa nimebana tochi kwa meno. Na kushikilia ncha mbili kwa mikono yenye matope huku nikibonyeza waya wa tatu ni sarakasi. Vibanio vya kung'ata waya ilibidi ninunue kando.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano nitawapa siku watakayoweka vibanio ndani ya boksi.